Hakuna Mafuriko Katika Kitabu Hiki

"Na mwisho wake, mwanangu? Mwisho umeuonaje?"

Mama aliuliza kwa upole tu, huku akimsogezea mgeni bakuli la mboga. Vanila alimeza tonge lake. Akanywa maji, kisha akatabasamu lile tabasamu lake la wateja.

"Mwisho, Mama? Mwisho umenitoa machozi."

Vanila si jina alilopewa na wazazi wake. Wateja ndio waliomwita hivyo, kwa sababu alikuwa mwokaji wa keki na harufu ya vanila haikumtoka hata aoge mara ngapi. Siku hiyo alikuwa ameletwa rasmi nyumbani kwa mchumba wake, Fundi Miwani, mwenye duka la miwani mkabala kabisa na duka la keki la Vanila na shangazi yake. Mezani walikuwa wanne: Mama, Fundi, dada yake Fundi ambaye Vanila alishaanza kumwita wifi, na yeye mwenyewe, aliyejipaka mafuta mpaka kwenye viwiko ili asionekane mtu wa unga.

Kitabu kilichoulizwa kilikuwa kinamtazama kutoka ndani ya kabati la vioo. Baba yake Fundi, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mpima ardhi, na katika maisha yake yote aliandika kitabu kimoja tu: hadithi ya mpima ardhi anayetumwa kuweka mpaka kati ya ndugu wawili waliogombana, akampenda binti wa mmoja wao. Katika nyumba ile, msichana yeyote aliyeletwa na Fundi alipewa nakala yake. Hakuna aliyeuita mtihani, lakini mtihani ulikuwa huo. Mchumba wa kwanza alisema waziwazi kwamba kimemchosha, amekiacha. Uchumba ukafa. Vanila aliisikia habari hiyo mapema, akajiapiza kwamba yeye hatarudia kosa la mwenzake.

Shida ni kwamba kitabu kilimshinda. Jamani, kilimshinda kweli. Alikianza mara tatu, na kila akikifungua anamkuta mpima yuleyule anakunja utepe wake wa kupimia, anakunjua utepe, anahesabu hatua kutoka jiwe hili hadi jiwe lile. Mwishowe akampelekea Shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye walikuwa wakioka pamoja.

"Shangazi, nisomee hiki halafu unisimulie. Ndoa yangu iko humu ndani."

Shangazi akakaa nacho kando ya tanuri, kisha akamsimulia kisa kitamu mpaka Vanila akaunguza trei nzima ya mikate. Kisa hicho ndicho alichokuja nacho mezani.

"Hebu tuambie," wifi akadakia, kiwiko mezani. "Ni kipi hasa kilichokuliza?"

"Yale mafuriko, wifi."

"Mafuriko?"

"Maji yalipong'oa mawe yote ya mpaka. Ndugu wawili wanatoka nje, hakuna anayejua shamba la nani linaishia wapi. Wakatazamana, wakakumbatiana. Halafu yule mpima akaambiwa, wewe hapa huna kazi tena, mchukue mke wako mwende. Hapo, Mama, nililia kama mtoto."

Mama akaweka kijiko chini. Wifi akamtazama mama yake. Fundi akaona wanavyotazamana, akaamua kumwokoa mchumba wake.

"Hata mimi pale kwenye mafuriko huwa sijiwezi," alisema. "Kila nikirudia kukisoma, machozi yananitoka palepale."

Mama akamgeukia mwanawe.

"Wewe pia?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwanangu, hakuna mafuriko katika kitabu hiki. Hakuna hata mvua." Sauti yake haikupanda. "Mpima anamaliza kazi yake, anakunja utepe, anaondoka. Basi. Binti mwenyewe haonekani tena tangu katikati."

Wifi alianza kucheka, akaona mama yake hacheki, akajifanya anakohoa. Vanila alitamani sakafu ipasuke immeze na kiti chake. Masikio yalimwaka, na mafuta aliyojipaka yalianza kuchuruzika shingoni. Alijua kwamba alichokifanya kina jina, na jina lake ni uongo, tena uongo juu ya marehemu, mezani kwa mjane wake.

Mama akasimama, akakusanya sahani ambazo watu hawajazimaliza, akaingia nazo jikoni.

"Kuleni," alisema kutoka huko. Hakukuwa na sahani ya kulia.

Fundi alimsindikiza Vanila mpaka getini bila kumshika mkono.

"Ulinidanganya," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unanilinda kwa kitabu ambacho na wewe hujakisoma. Fundi, cha baba yako mwenyewe?"

Fundi akavua miwani, akaifuta, na wala haikuwa na vumbi.

"Nenda nyumbani. Tutaongea."

"Lini?"

"Tutaongea, nimesema."

Kesho yake asubuhi Vanila alimkuta Shangazi anakanda unga.

"Shangazi, mafuriko uliyatoa wapi?"

"Mafuriko gani tena?"

"Shangazi."

Shangazi aliendelea kukanda kidogo, kisha akaacha.

"Haya, nitakwambia, lakini usinitazame hivyo. Nilifika ukurasa wa sitini. Nikajiuliza, mimi mtu mzima, mume nimeshazika, magoti yananiuma, huyu bwana na utepe wake ananitafuta nini? Nikakifunga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniangalia kwa macho ya mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nikaona haya kukwambia kimenishinda. Nikasema bora nikutungie. Tena nilijitahidi, usiseme sikujitahidi."

"Umenivunjia uchumba."

"Uongo ulikuwa wangu, wewe ukaupeleka kwa mama wa watu ukautia na machozi. Hapo aibu tugawane."

Vanila alikuwa bado anasugua trei moja tangu alipoingia, simu ikalia mfukoni mwa aproni. Ilikuwa meseji: "Mwanangu, njoo kwangu leo jioni. Njoo peke yako. Usilete keki. Mama."

Alikwenda. Akaketi ukingoni mwa kiti, mikono magotini, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mama alikuwa na kile kitabu mapajani.

"Mama, nisamehe. Nimekudanganya nyumbani kwako, mbele ya chakula chako. Kitabu kilinishinda. Nilikiacha."

"Uliachia wapi?"

"Ukurasa wa arobaini na moja."

"Pale anapopima kisima."

"Anapopima kisima mara ya pili, Mama."

Midomo ya Mama ikatetemeka, Vanila asijue ni kicheko kinakuja au kilio.

"Unajua kwa nini anakipima mara ya pili?"

"Hapana, Mama."

"Hata mimi sijui. Sijawahi kujua."

Mama akakiweka kitabu mezani.

"Marehemu alikuwa akirudi kazini anaandika pale dirishani. Akimaliza ukurasa ananisomea. Kisha ananiuliza, vipi, mke wangu? Namjibu, tamu. Napiga pasi huku nasinzia, namjibu tamu. Hakumsomea mtu mwingine, aliniamini mimi tu. Na alikuwa msikivu yule mtu. Ningemwambia, mume wangu, hapa kisimani umeturudisha nyuma, angekata. Sikumwambia. Kikachapishwa vilevile. Watu wakakipokea kwa mikono miwili, wakaenda nacho kwao, asirudi hata mmoja kusema neno. Akawa anakaa barazani kila mtu akipita anainua kichwa, labda huyu amekisoma. Mimi namtazama, najua kwa nini hawaji."

"Ulimpenda, Mama. Hukutaka kumuumiza."

"Nilimpenda, na nikamharibia kazi yake. Yote mawili ni kweli." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Yule mwenzako wa kwanza, watu wanadhani nilimnunia kwa sababu alikiacha kitabu. Hapana. Alinitamkia usoni kile nilichoshindwa kumtamkia mume wangu. Sikuweza tena kumtazama. Aibu ilikuwa yangu, nikamtwika yeye. Na jana nilipokusikia unasema umelia, nilijisikia mimi mwenyewe nikisema tamu. Sauti ilikuwa ileile. Mwanangu Fundi hatapata faida yoyote kwa kuoa mtu wa kumwambia tamu."

"Kwa hiyo unanikataa."

"Nimekuita nikuulize. Kuna kingine ulichomwambia tamu, na si tamu?"

Vanila aliinamisha kichwa. Angeweza kusema hakuna. Lilikuwa neno dogo, na lilikuwa karibu.

"Vitabu vyote, Mama. Vyote alivyoniazima tangu tujuane."

"Basi usinimalizie mimi maneno. Mwenyewe yuko dukani."

Fundi alikuwa anasaga lenzi mashineni Vanila alipoingia. Juu ya kaunta kulikuwa na kitabu kinene kama tofali, cha maktaba, alichokuwa anajikokota kukisoma tangu kabla ya msimu wa mvua. Vanila hakukaa.

"Sijamaliza hata kimoja," alisema.

Fundi akazima mashine.

"Kimoja cha nini?"

"Vitabu vyako. Nasoma mwanzo, nasoma mwisho, katikati nasimuliwa na Shangazi, na huyo naye sasa sijui ametunga vingapi. Hata kile cha kwanza. Siku ile unanipima macho ulinipa ukurasa nisome, nikakwambia hadithi nzuri, natamani niendelee. Sikuwa naijali hadithi, Fundi. Ulikuwa umeinama karibu na uso wangu, nikatafuta la kusema."

"Ungesema tu hukipendi. Ningekupa kingine."

"Ningekwambiaje wewe? Wewe huachi kitabu. Hicho hapo unakilaani kila siku na kila siku unakifungua. Nilijiona mimi ni mtu wa hovyo, asiyeweza hata kumaliza hadithi. Nikaona haya. Basi, nimekwambia."

Fundi alikitazama kile kitabu kinene, kisha akavuta kiti.

"Unajua kwa nini siachi? Kwa sababu cha baba nilikiacha. Alinipa mwenyewe kwa mkono wake, bado niko shule. Akaniambia, ukimaliza, uje tuongee. Kikanishinda. Kila akiniuliza namjibu, naendelea, Baba. Nilikuwa naendelea hivyohivyo mpaka tukamzika." "Tangu hapo nikianza kitu namaliza, hata kiwe kibaya vipi. Sijui namlipa nani. Na cha kwake nikikishika, nasikia haya kama vile amesimama mlangoni ananitazama."

Mwanamke mwingine angemkumbatia hapohapo, na habari ingeishia hapo kwa raha. Hata Vanila alishainua mkono. Lakini wazo likamwingia, na lilikuwa baya, na kwa vile alikuwa ameamua kutomficha tena kitu, akalitoa.

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Hujawahi kuacha ulichokianza. Mimi ulishanianza, watu wote wa mtaa huu wanajua. Uko na mimi kwa sababu unanipenda, au unaona haya kuniacha katikati?"

Mwanaume mwenye maneno mepesi angejibu kabla swali halijaisha. Fundi alikisukuma kile kitabu kando kwanza.

"Nikikujibu sasa hivi nitakuwa nakudanganya," alisema. "Sijui kuacha, Vanila. Sasa nitajuaje kama kukaa kwangu ni kupenda?"

Lilikuwa jibu la kweli, na lilimchoma kuliko uongo wote waliowahi kupeana.

"Basi kajue," alisema, akatoka.

Alivuka barabara bila kutazama, mwendesha baiskeli akamtukania ukoo mzima. Hakusikia.

Siku zilizofuata zilikuwa za fedheha. Maduka yanatazamana, utajificha wapi? Asubuhi anamwona Fundi anafungua, jioni anamwona anafunga, na Fundi hainui mkono. Siku moja akaona kiti chake kimegeuzwa, sasa anafanya kazi ameupa mgongo mtaa. Vanila akaingia stoo, akakaa juu ya gunia la unga, akalia akiwa amejiziba mdomo kwa aproni wateja wasisikie.

"Mpigie," Shangazi alimwambia.

"Simpigii."

"Basi nimpigie mimi."

"Shangazi, wewe na hadithi zako kaeni mbali na simu."

Wateja nao hawakumwacha. "Harusi lini, Vanila?" Anajibu, "Tutawaambia," macho kwenye mizani. Kuna nyakati alijuta kwa nini aliuliza. Angenyamaza, sasa angekuwa anachagua vitambaa vya meza. Nani alimtuma kujifanya mkweli ghafla, tena kwa swali ambalo jibu lake halikuwa mikononi mwake? Alimwandikia Mama: "Shikamoo Mama. Anaendeleaje?" Jibu likaja: "Marahaba mwanangu. Anakula, anakwenda kazini. Mimi simwambii neno, na wewe usinitume."

Anakula. Hilo nalo likamuuma. Yeye mwenyewe hakuwa anakula.

Ilikuwa asubuhi ya wateja wengi ndipo Fundi alipoingia. Hakuja mbele. Alipanga foleni, nyuma ya mama mmoja mnene mwenye kikapu, akasogea taratibu kama mteja yeyote. Zamu yake ilipofika, Vanila alishika koleo la mikate kwa nguvu.

"Nikupe nini?"

"Nimekuja kujibu."

"Kuna watu."

"Waache wasikie. Nimejificha vya kutosha."

Mama mwenye kikapu, aliyekuwa ameshahudumiwa, akaamua kuhesabu mikate yake upya palepale.

"Kile kitabu kinene nimekirudisha maktaba," Fundi alisema. "Sikukimaliza. Nilidhani nitaumwa. Sikuumwa. Nikasema, kumbe. Nikajaribu na wewe."

"Kujaribu nini na mimi?"

"Kukuacha."

Shangazi, nyuma ya tanuri, akaacha kukanda.

"Nilifuta namba yako. Niligeuza kiti nisikuone. Nilijilazimisha, ili nijue. Mwanzo ilikuwa tabu, sitaki kukuficha. Halafu ikapungua. Nikala, nikalala, kazi ikaenda. Nataka ulisikie hili kwangu, Vanila. Ninaweza kukuacha. Nimejaribu, inawezekana."

Uso wa Vanila ulikuwa unawaka moto. Foleni nzima ilikuwa inamtazama yeye, si Fundi.

"Baba, maneno gani hayo ya kumwambia binti wa watu hadharani?" mama mwenye kikapu alisema.

"Niache nimalize, mama yangu." Fundi hakumgeukia. "Ninaweza kuondoka. Kwa hiyo sikuja hapa kwa sababu nimeshindwa kuondoka. Nimekuja kwa sababu sitaki."

Koleo likaanguka. Hakuna aliyeliokota.

"Unajua unavyonitia aibu hapa?" Vanila alisema, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Najua. Na mimi naona haya kama wewe."

"Basi niulize na mimi."

"Nikuulize nini?"

"Kama nakupenda. Mimi ndiye niliyekuwa mwongo kati yetu. Mimi ndiye wa kuulizwa."

Fundi akavua miwani, akaishika mkononi. Bila miwani alikuwa haoni vizuri, na Vanila alijua hilo.

"Unanipenda?"

Safari hii Vanila hakutafuta la kusema. Aliacha lije lenyewe, na lilipokuja halikuwa zuri lote.

"Vitabu vyako sivipendi. Ukianza kunieleza habari za waandishi wako nasinzia macho wazi. Dada yako ananitisha. Lile shati lako la njano nilikusifia, ni baya. Siku uliyosema hujui kama unanipenda nilikuchukia mpaka nikataka kuhama mtaa." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na unga. "Wewe nakupenda. Ndilo lililobaki. Nimetafuta uongo humo ndani, sikuuona."

Vanila alitazama chini. Alikuwa amedanganya watu wengi kwa uso mkavu, na siku aliyosema kweli tupu ndiyo siku aliyoona haya kuliko zote. Aliona haya mpaka kwenye vidole. Lakini hakuingia stoo. Alibaki pale kaunta, amesimama, uso wake wote nje.

Fundi akavaa miwani tena, akamtazama vizuri.

"Shati la njano kweli?"

"Baya, Fundi. Baya sana."

"Haya," alisema. "Jumapili njoo nyumbani, tupange na Mama tarehe ya harusi. Na mimi nitamwambia mwenyewe kwamba cha baba sikukisoma."

"Tutamwambia wote."

"Sawa sawa," mtu mmoja akasema kutoka mwisho wa foleni, "lakini wengine tumechelewa kazini." Vanila akainama, akaokota koleo, akaenda kulisafisha ili awahudumie.